Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Mizinga

Marehemu mume wangu aliwaamini nyuki kuliko alivyoniamini mimi. Sisemi hivi kwa uchungu wa ujane. Aliniambia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu, anapasha moto msumari kwenye makaa. "Nyuki hawana ndugu," alisema. "Wewe una mama, una kaka, una mashoga. Siku moja utasema tu." Akacheka, na mimi nikacheka, maana wakati ule nilidhani ni utani.

Tulikuwa tunaishi ukingoni mwa msitu, upande wa Itigi, mahali ambapo mwanaume asiye na mizinga haheshimiki hata akiwa na duka. Mimi ni Mnyaturu wa Mungaa. Kwetu ni ng'ombe na alizeti, na niliolewa huko Itigi nikiwa sijui hata mzinga unafunguliwa upande gani. Mzinga wao ni gogo lililotobolewa katikati, na kila ncha inazibwa kwa kifuniko cha mbao cha duara. Cha mbele kina kitundu cha nyuki kupita, cha nyuma hakina. Unaupandisha mtini, unaufunga kwa kamba, na ubavuni unachonga alama yako. Ukishachonga, basi. Huko mtu anaweza kukuibia kuku, baiskeli, hata mke, lakini mzinga wenye alama ya mtu hauguswi. Anayeugusa anatengwa na kijiji kizima, na mabinti zake wanazeekea nyumbani.

Habari za sarafu za mtandaoni aliletewa na rafiki yake, kijana wa Itigi mjini aliyekuwa akinunua asali vijijini na kuisafirisha kwa treni. Kila baada ya mavuno, wenzake waliponunua bati au pikipiki, mume wangu alinunua bitkoini. Hazikuonekana, hazikushikika, zilikaa ndani ya simu yake tu, na nilimwambia waziwazi kwamba amepata wazimu. Miaka ilivyokwenda nikaanza kumwona anatabasamu peke yake akiangalia simu. Siku moja akaniambia binti yetu atasoma mpaka achoke mwenyewe, na nyumba ya bati tutaijenga Mungaa, kwetu, siyo kwao. Nikaacha kumcheka.

Yule rafiki alimpa onyo moja kubwa. Simu ikipotea au ikiharibika, mali haipotei, mradi unayo yale maneno kumi na mawili ambayo pochi ya simu, yaani programu inayotunza sarafu hizo, ilikupa siku ya kwanza. Ukiyaandika kwenye simu nyingine kwa mpangilio wake, kila kitu kinarudi. Lakini mtu mwingine akiyapata, hata akiwa nchi gani, anasomba chote, na hakuna benki wala polisi wa kumlilia. Usiyapige picha. Usimtumie mtu. Usimwambie mtu. Mume wangu aliyashika maonyo hayo kuliko alivyowahi kushika mahubiri yoyote.

Karatasi hakuitaka hata kuisikia. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na mchwa wa kule wanakula mpaka miguu ya kitanda. Ndipo akawaza mizinga. Alikuwa nayo sita, vifuniko viwiliviwili, hesabu ikamkaa sawa kabisa, akaona kama Mungu mwenyewe kampangia. Msimu ule nchi ilikuwa imekauka, nyuki wamehama, akaishusha yote kuikarabati. Kila kifuniko akakichoma neno moja kwa msumari wa moto, upande wa ndani, ule unaowaelekea nyuki. Nani atapanda mti wa mtu, avunje mwiko wa kijiji, apenye kundi zima la nyuki, ili akasome kifuniko? Alijiona mjanja sana, na kwa mwizi kweli alikuwa mjanja.

Tabu ilikuwa moja. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Kwa hiyo alinihitaji, na kunihitaji kulimuudhi. Alikuwa ananiletea kifuniko kimoja, ananiuliza kinasomekaje, huku simu kaibana kifuani nisione. Nikisoma, anachungulia simu, anaitikia kwa kichwa, anaondoka nacho. Alivileta shaghalabaghala, leo hiki, wiki ijayo kile, makusudi ili nisijue kipi kinaanza na kipi kinafuata. Nayakumbuka machache. Neno la ngazi. Neno la mbuzi. Neno la chumvi. Siku aliyoniletea neno la yatima nilimwambia hilo baya, asiliweke. Akasema siyo yeye aliyechagua, ni simu.

Mizinga ikarudi mitini, nyuki wakaingia, tukavuna misimu miwili. Halafu kamba ikakatika akiwa juu.

Hospitalini Manyoni walimlaza chali na wakatuambia mgongo umevunjika. Mdomo wake ulikuwa mzima. Aliomba maji, aliuliza kama mbuzi wamefungiwa, alimtukana nesi. Nilikaa sakafuni pembeni ya kitanda tangu asubuhi nikitafuta njia ya kuuliza bila kuuliza. Hatimaye nikasema, "Baba, yale maneno. Likitokea la kutokea, mimi na mtoto tutafanyaje?"

Akaniuliza, "Unataka nife?"

"Sitaki."

"Basi ngoja nipone."

Akageuzia uso ukutani, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Alifariki kesho yake kabla ya chai. Nilimlilia mpaka sauti ikanikauka, na katikati ya kilio nilimchukia, vyote viwili kwa pamoja. Alikuwa na mke aliyesoma, amelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, akaona afadhali awaachie nyuki.

Lakini nilikuwa na kitu ambacho hakujua kwamba ninacho. Mavuno yote mimi ndiye niliyembebea ndoo, na niliijua njia yake. Alikuwa mtu wa mazoea, mtu wa kuumega ugali kutoka upande uleule kila siku. Alianza mzinga wa kwenye kichuguu na kumalizia ule wa korongoni, hakuwahi kubadili hata siku moja. Kwenye kila mzinga alishughulikia kifuniko cha mbele kwanza, cha nyuma baadaye. Nilikuwa na uhakika maneno nayo yanafuata njia hiyohiyo. Nilichohitaji ni kuviona vile vifuniko tu. Nikajiambia nivumilie, msiba uishe, msimu ufike, nitajua la kufanya.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ukakaa kugawana vitu vyake. Wenye kauli walikuwa watatu: mama mkwe wangu, shemeji mkubwa ambaye ndiye kaka mkubwa wa marehemu na sauti yake husikika mpaka kwa jirani, na shemeji mdogo, kijana wa kupenda miwani na perfyumu. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Kila chombo kilichogawiwa nilikisikia kikitajwa.

Simu ikaenda kwa shemeji mdogo. Ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua, mimi nikiwamo, akasema siyo tatizo, fundi ataiflashi. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji, nakuomba usiiflashi hiyo simu. Ina vitu vya marehemu."

"Vitu gani?"

Ningesema nini? Niseme kwamba humo mna mali, nimpe yeye? Nikasema, "Picha."

"Picha za marehemu nizifanyie nini mimi, shemeji? Nifukuzie ndege shambani?" Wakacheka wote, mama mkwe akacheka zaidi ya wote, siku ya kumaliza msiba wa mwanaye. Simu ikapelekwa kwa fundi Itigi, ikarudi imefutwa yote, safi, na mlio mpya wa muziki. Pochi ikawa imekwenda. Yakabaki maneno.

Kisha wakagawa mizinga. Mitatu shemeji mkubwa, miwili shemeji mdogo, mmoja mjomba wao. Nilipiga magoti. Niliomba mmoja tu, wa mtoto, ule wa kichuguu, nikijua kabisa mmoja haunisaidii kitu, lakini nilitaka angalau nianze na mmoja.

"Mwanamke na mzinga!" akasema shemeji mkubwa. "Utapanda mti na gauni? Nyuki watakuingilia wapi?" Wazee wakaangua kicheko, wakasahau kwamba wako msibani. Mume wangu aliwaza mwizi, akawaza moto, akawaza mchwa. Hakuwaza kwamba atakufa, na kwamba kwa mila za kwao mke harithi mzinga hata wa kukalia. Aliificha mali ya mwanaye ndani ya kitu pekee ambacho ukoo wake usingeniachia kamwe, na mila hiyo aliijua tangu utotoni.

Walipomaliza vitu wakaja kwa watu. Shemeji mdogo alikuwa tayari kunirithi. Nikikataa, njia ya Mungaa naijua, lakini mtoto habanduki, mtoto ni wa ukoo. Binti yangu alikuwa na miaka saba, amekaa mlangoni anasuka nywele za mwanasesere wa magunzi, anasikia kila kitu. Nikasema sitaki kurithiwa na sitaki kuondoka. Wakashangaa. Mama mkwe akasema basi nitalala jikoni, nami nikalala jikoni, nikachota maji ya nyumba nzima na kupepeta uwele wa nyumba nzima. Nilikuwa nasubiri msimu wa asali. Vifuniko vingefunguliwa, na mimi ningekuwa chini ya mti na ndoo, kama siku zote.

Miezi ile nilijifunza kutukanwa bila kugeuka. Mama mkwe alikuwa na ufundi wake. Akiona nimekaa, anamwambia kuku wake, "Na wewe kaa tu, ule bure, kwani ulimuua mwanaume wa mtu?" Kuku hajibu. Mimi pia sikujibu. Nilikuwa nayahesabu maneno niliyoyakumbuka, ngazi, mbuzi, chumvi, yatima, nikijiambia kwamba siku moja nitamjengea mwanangu nyumba na huyu bibi atakuja kuomba maji ya kunywa, nami nitafikiria kwanza kama nimpe.

Kabla msimu haujafika mtoto akaugua homa kali, nikambeba mpaka Manyoni, tukalazwa siku kadhaa. Nikiwa huko, kijijini walifika watu wa mradi wa ufugaji nyuki, wakawagawia wanaume mizinga ya kisasa, ile ya masanduku. Sharti lao lilikuwa kwamba magogo ya zamani yaachwe. Shemeji zangu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilipoingia uani na mtoto mgongoni niliona magogo matano, yale ya shemeji zangu, yamepasuliwa katikati, yamepangwa kando ya zizi, na mbuzi wanakula pumba ndani yake. Alama ya mume wangu ilikuwa bado inaonekana ubavuni.

Mama mkwe alikuwa jikoni, anatabasamu. Sikumbuki kama aliwahi kunitabasamia kabla ya siku hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ule. Kuni hizi za nta acha kabisa! Maharage yameiva sijamaliza hata kupepeta."

Nikaangalia mafiga. Kulikuwa na majivu meusi, yenye mafuta, na jiko zima lilinukia asali. Sufuria ilikuwa imefunikwa kwa kifuniko cha mbao. Nikakishika kwa upande wa kanga, nikakigeuza. Chini ya utomvu wa nyuki, herufi zilikuwa bado zinasomeka. Lilikuwa neno la ngazi.

"Mama," nikasema, "na vile vifuniko vingine?"

"Vingine viko tumboni mwa maharage," akasema, akaupenda utani wake mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiuno.

Nami nikacheka. Nikakaa chini, nikapokea sahani, nikayala yale maharage yote, nikamlisha na mwanangu, maana alikuwa mgonjwa na ana njaa. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Kisha nikaenda nyuma ya zizi, nikang'ata kanga yangu ili nisisikike. Nilidhani nitakufa palepale. Sikufa, na jioni nilichota maji kama kawaida.

Kwa hiyo nilipoanza kujipanga kuondoka sikuwa na mali yoyote akilini. Nilikuwa nawaza mtoto tu. Nilikuwa natafuta jinsi ya kumtorosha, na ukoo ulikuwa umeshahisi, popote nilipokwenda naye kulikuwa na macho nyuma yangu.

Ndipo yule rafiki wa Itigi akaja kutoa pole. Alikuwa amesafiri, msiba haukumkuta. Alikaa barazani na shemeji wote wawili, akanywa uji, akamsifu marehemu, kisha akasema kwa nia njema kabisa, "Lakini angalau kawaacha pazuri. Ile mali ya kwenye simu imepanda sana."

Nilikuwa nasuuza vikombe. Niliacha kusuuza.

"Mali gani?" akauliza shemeji mkubwa.

Akawaeleza. Aliwaeleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo, na kadiri alivyoeleza ndivyo shemeji mdogo alivyozidi kuinama, mpaka akaitoa simu mfukoni na kuiweka chini mbele yake. Ikaanza kulia, na ule muziki wake. Shemeji mkubwa alimzaba kofi ambalo mpaka leo nikilikumbuka napata nafuu ya moyo.

"Lakini siyo mwisho," akasema rafiki. "Kuna maneno kumi na mawili. Lazima aliyaweka mahali. Shemeji hapa atakuwa anayajua, si alikuwa ndiye msomi wake?"

Wote wakanigeukia. Wakahamia lugha yao ya nyumbani ili nisielewe, wakasahau kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeshaielewa mpaka matusi yake. Shemeji mkubwa alisema nishughulikiwe taratibu. Mama mkwe alisema mwanamke ni kama mbuzi, akilishwa vizuri hutoa maziwa.

Basi wakanilisha. Siku ileile godoro langu lilitoka jikoni likaingia chumbani. Mama mkwe akaniita binti yangu. Kila siku ya Mungu kuku alichinjwa, wale kuku wake aliokuwa anawasimulia maovu yangu, na nilipewa paja na firigisi ambavyo kwao ni vya wanaume. Nilikula. Walinisogelea na maswali yao, "Shemeji, umekumbuka lolote?" nami nikawa najibu, "Kichwa bado kizito, shemeji, nadhani ni upungufu wa damu," na kesho yake kuku mwingine alichinjwa. Sikuwahi kunenepa namna ile maishani mwangu. Jikoni, kila siku, kile kifuniko cha ngazi kilifunika sufuria mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyekigeuza.

Uvumilivu ukawaisha. Asubuhi moja niliamka nikakuta mtoto hayupo. Walikuwa wamempeleka nyumbani kwa shemeji mdogo, ng'ambo ya uwanja wa mpira, na mlangoni wameweka kijana wa kuzuia nisiingie.

"Utamwona kumbukumbu zikirudi," akasema shemeji mkubwa.

Nilikwenda nikasimama upande huu wa uwanja. Alinisikia nikikohoa, mtoto anakijua kikohozi cha mama yake, akaanza kuniita. Aliita mpaka sauti ikabadilika. Mke wa shemeji mdogo alimwambia anyamaze, kisha nikasikia kibao, kisha kimya. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikarudi kwa shemeji mkubwa, nikampigia shikamoo, nikamwambia kumbukumbu zimerudi.

"Sema."

"Mtoto kwanza."

"Maneno kwanza."

"Shemeji, mkinipiga nitayasahau tena, na safari hii sitayakumbuka. Nipeni mwanangu niondoke naye, aandikwe ni wangu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku nitakayofika Mungaa, siku hiyohiyo nitawaambia maneno yako wapi, bila kuficha hata moja."

Akakuna kidevu. "Utaapa?"

"Naapa."

Walinipeleka kaburini kwa mume wangu. Mwenyekiti alikuwepo, mjomba alikuwepo. Kwao anayeapa juu ya kaburi hushika udongo wake, na akidanganya watoto wake humfuata aliyezikwa. Nilichukua udongo mkono mzima, nikarudia neno kwa neno: nikifika Mungaa na mwanangu nitasema maneno yote yako wapi. Sikuwa na cha kuogopa. Nilikuwa naapa ukweli mtupu. Shemeji mkubwa aliniangalia usoni akitafuta uongo, na kwa sababu haukuwepo, akaridhika. Jambo hilo linanifurahisha mpaka leo.

Walitusindikiza stendi wenyewe. Mama mkwe alimfungia mtoto mayai ya kuchemsha na karanga, akambusu, akalia kidogo. Sidhani alikuwa anaigiza. Alimpenda mjukuu wake kwa namna yake, na mtoto alimpenda, alimng'ang'ania shingoni mpaka kondakta akapiga kelele. Aliniambia, "Binti yangu, usitusahau."

"Siwezi, mama," nikamjibu.

Tulipita Manyoni, tukafika Singida, tukapata gari la kwetu, tukaingia Mungaa jua likiwa bado liko juu. Mama yangu alikuwa amesonga ugali na mlenda. Nilinawa, nikakaa kwenye mkeka, simu yangu ikaanza kuita kabla sijatia tonge mdomoni; alikuwa shemeji mkubwa. Nikaiweka sauti ya juu ili mikono yangu ibaki kwenye chakula.

"Shemeji! Mmefika salama?"

"Tumefika, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tuko hapa wote. Kijana wa Itigi yuko hapa na simu mpya. Tunaandika."

"Hakuna haja ya kuandika. Maneno mnayo wenyewe. Marehemu aliyachoma kwa msumari ndani ya vifuniko vya mizinga, kila kifuniko neno moja. Ile mizinga mliyogawana."

Nikala tonge moja.

"Mawili yako juu ya mti wa mjomba," nikaendelea. "Moja liko hapo jikoni kwenu, limefunika sufuria, nendeni mkaligeuze. Yaliyobaki muulizeni mama, siku ile aliyapikia maharage. Nilikuta majivu tu. Nimesema yote, shemeji, sijaficha hata moja. Kiapo changu nimekimaliza."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilimsikia yule rafiki akisema kwa sauti ndogo kwamba bila yale mengine haiwezekani, hata afanye nini. Kisha sauti ya mama mkwe ikauliza kwa mbali, "Anasemaje? Amesema ni kiasi gani?" Shemeji mkubwa akamjibu kwa lugha yao, maneno machache tu. Na yule mama akaanza kulia. Alilia kama wanavyolia wakati jeneza linashushwa, kwa sauti ya kutoka tumboni, alilia kuliko alivyomlilia mwanaye mwenyewe, na mimi nilikuwepo siku hiyo, najua.

Nilicheka. Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia, mpaka mama yangu akaacha kula akanitazama. Nilikuwa nimepoteza kila kitu kama walivyopoteza wao, nyumba ya bati, shule ya mtoto, vyote vilikuwa majivu kwenye mafiga yaleyale, na bado sikuwahi kusikia sauti tamu kama kilio kile.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na simu, tonge mkononi.

"Mama, huyo ni bibi?"

"Ndiyo."

"Analia nini? Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Kula."

"Sasa mbona wewe unacheka?"

Mtoto aliliweka tonge pembeni, akafuta mkono kwenye gauni kama alivyofundishwa na bibi yake, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi," akasema.

Kilio kikakatika. Simu haikuwa imekatwa. Nilisikia kuku wao, nilisikia mbuzi wakigonga pembe kwenye magogo, nilisikia mtu akipumua karibu kabisa na simu. Mtoto alisubiri aitikiwe. Aliposikia kimya, alisogeza mdomo karibu zaidi, akarudia shikamoo yake kwa sauti kubwa, akidhani bibi hakusikia.